Kengele Nyuma ya Ukuta

Ushahidi ulikuwa umeandikwa kwenye mkono wa kushoto wa blauzi.

Mpelelezi aliuinua mbele ya dirisha ausome vizuri. Haukuwa mkono wa nguo. Ilikuwa pateni yake, karatasi ya kaki iliyokatwa kwa umbo la mkono wa blauzi ya shule na kutobolewa tundu juu ili itundikwe msumarini. Katikati, kwa kalamu ya risasi, fundi alikuwa ameandika: *Jumatatu, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Bwana Wakili. Kasema atanianika mtaa mzima.*

"Na mgongo?" mpelelezi aliuliza.

"Mgongo ni wa wiki iliyopita," alijibu fundi. "Kola ni zile simu walizompigia mama mkwe wangu. Mfuko ni mwalimu mkuu."

"Hukuwa na daftari, mama?"

"La nini? Simu ikilia mimi nakata pateni. Wakimaliza kunitukana naandika hapo hapo, naendelea kukata."

Watu walimwita Mama Vifungo, kwa sababu nguo haikutoka kwake ikiwa na kifungo kinachocheza. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye cherehani mbili, ovaloki moja ya kupiga kingo za nguo, meza ya kukatia, na sare arobaini za shule zilizorundikwa kwenye kiti cha wateja. Ovaloki ndiyo iliyomletea balaa. Aliinunua kwa mkopo mumewe alipokuwa hai, akalipa bila kuruka mwezi hata mmoja, mpaka mume alipougua na kufariki. Marejesho matatu ya mwisho yakamshinda. Tangu hapo, miezi mitano, simu hazikukoma. Siku hizi simu yake ilikaa ndani ya kopo la vifungo, imefunikwa mabaki ya vitambaa ili isimshtue, na vifungo vyenyewe vilihamia kwenye mfuko wa plastiki.

"Deni ninalo, mwanangu," alisema, macho hayatoki kwenye mkasi. "Nisikudanganye. Ndiyo maana sikuja ofisini kwenu mapema. Nilidhani nyinyi ni wa watu waliodhulumiwa. Mimi nadaiwa."

"Sheria hii iliandikwa kwa ajili ya wanaodaiwa, mama. Asiyedaiwa ataitumia wapi?"

Mpelelezi alitoka kitengo cha mikopo cha ofisi ya kulinda watumiaji, na faili hili lilikuwa mikononi mwake siku ya nne. Leo lilikuwa na saa ya mwisho. Mezani ilikuwapo karatasi iliyosukumwa chini ya mlango jana jioni: HATI YA KUKAMATA MALI, yenye muhuri wa bluu na saini iliyojikunja kama nyoka. Ilisema kwamba leo, saa sita kamili mchana, mashine zote tatu zitachukuliwa. Sasa ilikuwa saa mbili na dakika kumi.

Aliikagua hati kwa utaratibu wake wa siku zote, kuanzia chini kwenda juu.

"Imesainiwa Jumapili," alisema. "Karani gani wa mahakama ana bidii kiasi hicho? Haina namba ya kesi. Umewahi kuitwa mahakamani?"

"Sijawahi hata kupita mbele yake."

"Basi hakuna hukumu, na bila hukumu hakuna wa kukamata kitu. Halafu hata mahakama yenyewe haimnyang'anyi fundi cherehani ili alipe deni. Atalilipa kwa kutumia nini?"

"Hao wanaokuja na gari wanayajua hayo?"

Lilikuwa swali la haki. Mpelelezi hakulikwepa. "Hawayajui, na wakiyajua hawajali. Ndiyo maana nataka niwakute mimi kabla hawajakukuta wewe."

Shida ilikuwa moja. Kampuni ya kukusanya madeni yenye leseni, ile iliyokabidhiwa mkopo huu, ilikuwa imejibu barua yake kwa lugha laini kama mafuta: sisi hutuma vikumbusho vya adabu tu, wanaotisha watu ni matapeli wanaotumia jina letu. Laini iliyokuwa ikipiga simu ilisajiliwa kwa jina la ajuza wa miaka tisini na moja ambaye hakuwa na simu. Sauti zilikuwa tatu, na kila moja ilikuwa na cheo chake: Bwana Wakili, Ofisa wa Mahakama, na mmoja mwenye sauti nzito aliyejiita Afande. Ilimpasa athibitishe kwamba wote watatu walikaa chini ya paa la kampuni hiyo.

Alirudia mkono wa blauzi. Pembeni, karibu na mshono wa kwapa, paliandikwa neno moja: *kengele.* Akachukua mgongo. *Kengele, makofi.* Akachukua mfuko. *Kengele.*

"Mama, hii kengele ni nini?"

"Iko hukohuko kwao. Bwana Wakili akiongea, mara inalia, watu wanapiga makofi. Afande naye, siku anayoniambia atanilaza ndani, ikalia. Nikasema labda kituo chao kiko jirani na shule."

"Na Ofisa wa Mahakama?"

"Naye. Mara mbili."

"Umewahi kusikia watu wanapigiwa makofi kituo cha polisi?"

Mkasi ulisimama. "Nilikuwa nalia, mwanangu. Sikuwaza."

"Nani anajua kwamba mwalimu mkuu ndiye mteja wako mkubwa?"

Jibu lilitoka haraka, kana kwamba lilikuwa tayari mdomoni muda mrefu. "Shemeji yangu. Mdogo wa marehemu. Ndiye mdhamini wangu kwenye mkopo. Msiba haujapoa akaja kuniuliza mashine zitabaki kwa nani. Tangu siku hiyo salamu zetu ni za mbali."

Mpelelezi alifunga faili. Hakumwambia kwamba orodha ya simu za laini ile, aliyopewa na kampuni ya simu, ilikuwa na namba ya huyo shemeji, imezungukwa kwa wino mwekundu.

*

Shemeji alikuwa fundi wa majokofu, mitaa miwili mbele. Alimpokea mpelelezi akiwa amepiga magoti nyuma ya jokofu kuukuu, akaendelea kupiga magoti.

"Namba hii unaijua?"

Aliitazama karatasi kidogo. "Siijui."

"Imeongea na yako mara kumi na moja."

"Labda walikosea namba."

"Mara kumi na moja?"

Shemeji alikaza skrubu ambayo tayari ilikuwa imekazwa. Mpelelezi alivuta ndoo, akaigeuza, akaikalia. Alikuwa hodari wa kukaa kimya, na alikuwa na saa tatu tu za kukaa.

"Watu hawa walimwita shemeji yako mwizi mbele ya mwalimu mkuu," alisema mwishowe. "Mtu aliwapa jina la mwalimu mkuu."

"Si mimi!" Sasa alisimama. "Walilitoa kwenye fomu ya mkopo. Kuna sehemu ya kuandika watu wanaokufahamu, nilikuwepo akiijaza. Mimi niliwapa… mimi niliwapa pesa tu."

"Pesa gani?"

Akatazama mlangoni kuhakikisha hakuna anayesikia. "Walinipigia mimi kwanza. Mdhamini. Wakasema nikilipa, yeye hataguswa. Nikalipa. Mwezi uliofuata wanarudi, eti ile ilikuwa ada ya faili. Nikalipa tena."

"Mara ngapi?"

"Nne. Kila mara rejesho zima. Mke wangu anadhani nina mwanamke nje."

"Una ujumbe wa malipo?"

Alitoa simu. Zilikuwapo zote nne, na tarehe zake, na namba ile ile iliyokuwa ikimpigia Mama Vifungo. Mpelelezi aliandika kila moja kabla ya kusema lolote. Marejesho yaliyosalia yalikuwa matatu. Mtu huyu alikuwa amelipa manne.

"Kwa nini hukumwambia shemeji yako?"

"Angesema namnunua. Nilimuuliza habari ya mashine nijue ni nani atakayeshika ufunguo, nimwekee kufuli jipya mlangoni. Akanisikia vingine. Nikaona nikimwambia na hili, ndiyo tutakosana kabisa." Alijifuta mikono iliyokwishafutwa. "Afadhali wangekuwa wakilipwa wananyamaza, hawanyamazi. Kila nikilipa, tena wananishangilia!"

Kalamu ya mpelelezi ilisimama. "Wanakushangilia vipi?"

"Afande hataki nikate simu mpaka pesa ifike. Nabonyeza kutuma, nasikia kule kengele, makofi, kama harusini."

"Kabla ya kutuma au baada?"

"Baada. Unahesabu moja, mbili, tatu, inalia."

Mpelelezi aliinuka kwenye ndoo. Basi haikuwa kengele ya shule. Ilikuwa kengele ya kazi: mtu akilipa, wanagonga. Na kama ililia nyuma ya wakili, nyuma ya polisi na nyuma ya mahakama, basi wakili, polisi na mahakama walikuwa wakichangia chumba kimoja.

"Shemeji," alisema, naye akamwita hivyo bila kutambua, "salio kwenye simu yako linatosha kutuma kiasi kidogo mara mbili?"

"Tena?" Uso ulimshuka.

"Mara ya mwisho. Na hizi zitarudi."

*

Hakimu alisikiliza akiwa amesimama, kwani alikuwa na kesi nyingine saa nne na nusu.

"Siwezi kukupa ghorofa nzima kwa ajili ya kengele," alisema. "Hati hii itafungua chumba kimoja tu: kile utakachothibitisha, mbele ya shahidi, kwamba pesa inayotumwa kwenye namba hii inapokelewa humo. Kengele ikilia jengo la jirani, karatasi hii kafungie karanga."

Ndiyo maana, saa tano na dakika thelathini na tano, mpelelezi aliketi mbele ya meza ya meneja wa kampuni ile ya kukusanya madeni, ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi, na pembeni yake sajenti wa polisi ambaye alikuwa mnene, mpole, na mwenye kiatu kimoja kilicholia kila alipohema. Ukutani ilining'inia leseni ya kampuni na bango la maandishi ya dhahabu: UTU KWANZA.

"Maji?" aliuliza meneja.

"Tunashukuru. Namba hii ni yenu?"

"Si yetu. Nilikuandikia. Matapeli wametuharibia jina, afisa, mimi mwenyewe ningefurahi mkiwakamata." Alikuwa na tabasamu la mtu wa kupigwa picha. "Wafanyakazi wangu ni hawa wawili uliowaona mapokezi. Wanaandika barua. Sisi hatupigi simu alfajiri, hatuwapigii ndugu za mteja, hatumtishi mtu jela. Kanuni tunazijua kwa moyo."

"Nyuma ya ukuta huu kuna nini?"

"Stoo ya duka la rangi."

"Ufunguo?"

"Anao mwenye duka. Amesafiri."

Mpelelezi alitazama saa. Saa tano na dakika arobaini na nne. Aliweka simu yake mezani, kioo juu, na kumwomba meneja amweleze tena, pole pole, jinsi wanavyoandika barua zao. Meneja alieleza. Alikuwa amefika kwenye salamu za mwanzo wakati simu ilipotetemeka. Ujumbe wa shemeji ulikuwa wa neno moja: *Nimetuma.*

Sajenti aliacha kuhema.

Moja. Mbili.

Nyuma ya ukuta kengele ililia, kali, ya shaba, na baada yake makofi.

"Stoo ina furaha," alisema sajenti.

"Ni… wale wa duka," meneja alisema. "Wakiuza ndoo kubwa ya rangi hugonga kengele. Biashara."

"Inawezekana," mpelelezi alikubali. "Mara moja huenda ni bahati. Sajenti, tafadhali andika saa. Sasa nitamwandikia mtu ujumbe, na kengele hiyo italia tena. Meneja, omba Mungu duka liwe limeuza ndoo nyingine."

Aliandika: *Tena.* Akaigeuza simu ili wote watatu waione. Meneja alinyoosha mkono kuchukua simu ya mezani. Sajenti aliufunika mkono ule kwa kiganja chake kipana, bila hasira, kama mtu anayezuia karatasi isipeperuke.

*Nimetuma.*

Moja. Mbili. Tatu.

Kengele ililia. Mara hii mtu kule alipiga na mluzi.

Mpelelezi alitoa hati ya hakimu mkobani. Tabasamu la meneja lilibaki pale pale kwa muda, limesahauliwa usoni.

*

Mlango wa stoo haukuwa na kufuli. Ulikuwa na pazia kwa ndani. Kulikuwa na meza kumi na mbili, simu kumi na mbili, na hewa nzito ya watu walioongea tangu alfajiri. Kila meza ilikuwa na karatasi ya maneno ya kusoma, sehemu za kupaza sauti zimepigiwa mstari. Kengele ilikaa juu ya kabati, kengele ya mkono, na karibu yake muhuri wa mahakama kwenye kibati cha wino wa bluu.

Watu wote waliganda. Sajenti aliingia, kiatu kikilia.

"Nani hapa anaitwa Afande?" aliuliza.

Kwa mazoea tu, mkono mmoja ukapanda. Mwenyewe alikuwa mtu mwembamba mwenye skafu shingoni, na mezani kwake kikombe cha maji ya uvuguvugu ya kulainisha koo.

"Afande mwenzangu," alisema sajenti. "Kituo gani?"

Mtu yule aliushusha mkono taratibu na kukosa pa kuuweka.

Mpelelezi alikuwa ameshafika kwenye ubao. Majina ya wadaiwa hayakuwapo, yalikuwapo majina ya utani: Kipara, Mwalimu Mlevi, Bibi wa Ndizi. Mstari wa saba ulisomeka *Cherehani*. Mbele yake zilikuwapo alama nne za malipo kamili, na mbele ya alama, kwa mwandiko mwingine: *Limeisha. Shemeji analipa. Endelea kukamua.*

Aliupiga picha mara tatu. Kisha akatazama saa. Saa sita kasoro dakika nne.

"Mpigie dereva wako," alimwambia meneja. "Weka sauti ya wote wasikie."

Simu iliita mara mbili. "Bosi, tushafika," ilisema sauti ya kuchoka. "Ile ovaloki tumeipakia. Hizi mbili ngumu kidogo. Mama amekalia moja na ana mkasi, hatukani, anatutazama tu. Sisi tunaogopa."

Meneja aliisogelea simu. "Iacheni."

"Ipi?"

"Zote. Rudini."

"Na hii ya kwenye gari?"

Mpelelezi alisogea. "Ishusheni," alisema kwenye simu, "mwirudishe pale pale mlipoitoa, hata alama za miguu yake sakafuni zilingane. Kisha mbaki hapo. Polisi wanakuja kuwasalimia."

Sauti ikauliza, mbali kidogo na simu, "Mama, samahani, hii ilikuwa imetazama dirishani au ukutani?"

Sajenti aligeuka upande akacheka mpaka kiatu kikaimba.

*

Saa tisa alasiri mpelelezi alirudi dukani. Ovaloki ilitazama dirishani. Shemeji alikuwa ameshamwambia mama yote; sasa alisimama katikati ya chumba, kidevu juu kama anayepimwa suti, na Mama Vifungo alikuwa akimshonea kifungo cha shati akiwa amelivaa.

"Usicheze, nitakuchoma."

"Sichezi."

"Miezi minne unatembea na kifungo kinaning'inia, kwa mke wako hakuna sindano?"

"Mke wangu hanisemeshi. Anadhani nina mwanamke."

"Nitakwenda kumwambia mwenyewe." Alikata uzi kwa meno. "Nitamwambia mwanamke ndiye mimi, na kosa langu ni ovaloki."

Shemeji alicheka kwanza, kisha yeye, na mpelelezi akasubiri mlangoni mpaka waliponyamaza. Hakuwa na haraka tena.

Alisoma aliyokuja nayo. Leseni ya kampuni imesimamishwa tangu saa saba. Meneja na Afande wake wako kituoni, kituo cha kweli. Ndani ya siku saba mama mkwe na mwalimu mkuu watapata barua ya kuombwa radhi. Na pesa iliyolipwa kwa mkusanyaji huhesabiwa imelipwa kwa mkopeshaji. Asipoifikisha, hiyo ni kesi yake, si ya mdaiwa.

"Kwa hiyo?" Mama Vifungo aliuliza.

"Kwa hiyo deni limeisha, mama. Tangu miezi miwili iliyopita. Rejesho la nne, na zile mbili za leo, zitarudi kwa shemeji."

Mama Vifungo aliketi. Alikalia sare, yeye ambaye hakumruhusu mteja yeyote kukalia sare. Alipanga sindano tatu kwenye mto wake, akazipanga upya.

"Jambo moja limebaki," alisema mpelelezi. "Pateni zako ni vielelezo. Nazichukua zote."

"Chukua mgongo, kola na mfuko. Mkono siwezi. Bado sare sita hazina mikono."

"Mkono ndio wenye Bwana Wakili, mama."

Walitazamana. Kisha Mama Vifungo alitandika karatasi mpya ya kaki mezani, akaweka mkono wa zamani juu yake, akauzungushia chaki mara moja bila kupepesa, akakata. Mpya aliutundika msumarini, usio na neno hata moja. Wa zamani akampa mpelelezi.

Ndani ya kopo, chini ya mabaki ya vitambaa, simu ilianza kuita.

Shemeji aliitazama saa ya ukutani. Mpelelezi alitazama kopo. Mama Vifungo alichomoa kifuniko, akaitoa simu, akaipokea kabla haijaita mara ya tatu.

"Haloo, Mama Vifungo hapa… Shikamoo, mwalimu mkuu… Ijumaa? Kwa nini Ijumaa? Kesho mchana njoo uchukue."

Aliiweka simu mezani, wazi, karibu na mkasi. Kisha akachukua mfuko wa plastiki, akaufungua, na kuvimimina vifungo koponi.